Nyaraka, Wafadhili na Msitu wa Mau: Historia ya Ushahidi katika Kuresoi

Kuresoi, eneo la nyanda za juu lililo upande wa magharibi wa Kaunti ya Nakuru na kupakana na Msitu wa Mau, lina historia ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa na watu wasioishi humo. Tangu enzi ya ukoloni, amri za kuwahamisha wakaazi wake zimeambatana na nyaraka za tume, mahakama na majopo ya wataalamu, na nyingi kati ya nyaraka hizo zimewataja wakaazi kuwa tishio kwa udongo, miti au vyanzo vya maji. Kwa hiyo, anayetaka kuielewa historia hiyo hana budi kuuliza ni nani aliyeagiza kila waraka, ni nani aliyeugharimia, na ni maswali gani waandishi wake walipewa wayajibu.

Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1932 chini ya uenyekiti wa Morris Carter, ilipendekeza kwamba Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali ambayo wakoloni waliiita Wadorobo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila jirani na kumezwa humo, ingawa koo zao zilikuwa zimegawana msitu na kutundika mizinga yao ndani ya mipaka inayojulikana. Huko Olenguruone, ambako Wakikuyu waliotolewa katika ardhi ya Wamaasai walipewa makaazi mwaka 1941, Serikali ya kikoloni iliwawekea masharti ya kilimo kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Wao waliyakataa, kwa kuwa waliiona ardhi hiyo kuwa fidia ya mashamba waliyonyang'anywa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wao wakapelekwa Yatta.

Uhuru haukuubadilisha mtindo huo. Mwezi Machi 2000, Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya Waogiek wa Tinet, Kuresoi Kusini, ikisema kwamba maisha yao yalikuwa yamebadilika na hayakuwa tena yale ya wawindaji wa kale, na kwamba kuondolewa kwao kulikusudiwa kuuokoa msitu. Hata hivyo, marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 1999 ilikuwa imeziachia nafasi kampuni tatu kubwa, Pan African Paper Mills, Raiply na Timsales, na mwaka 2001 Serikali yenyewe ikaondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya Mau kwa ajili ya makaazi.

Katika miaka iliyofuata, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilishirikiana na Shirika la Wanyamapori la Kenya na wadau wa misitu kuchunguza uharibifu huo kutoka angani. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha bila shaka yoyote mabaka ya ardhi iliyofyekwa, lakini hazingeweza kuonyesha ni nani aliyetia sahihi hati za kugawa ardhi hiyo. Jopokazi lililoundwa mwaka 2008 na Waziri Mkuu Raila Odinga lilitoa ripoti yake mwaka 2009, likakadiria kwamba bidhaa na huduma za sekta za chai, utalii na nishati zinazochangiwa na Mau zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 20 mwaka 2007. Asali iliyorinwa katika mizinga ya mtarakwa haimo katika hesabu ya sekta hizo tatu.

Mjadala kuhusu anayegharimia ushahidi haukuzuka Kenya pekee. Nchini Marekani, filamu ya Josh Fox iitwayo Gasland, ya mwaka 2010, ilishambulia uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, yaani kusukuma chini ya ardhi maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa. Wachimbaji waliijibu kwa filamu yao ya Truthland, na mwaka 2013 ikatoka FrackNation, ambayo watengenezaji wake walichangisha fedha kwa umma. Kila upande ukauchunguza mfuko wa mwenzake, na mara nyingi swali la hali halisi ya maji ya visima likaachwa nyuma ya swali la mlipaji.

Kuresoi inafundisha kwamba maswali hayo mawili yanapaswa kuulizwa pamoja. Mwezi Oktoba 2009, Waogiek na wakaazi wengine walipewa ilani ya siku 30 wauhame msitu. Kesi yao ilipofika Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, tarehe 26 Mei 2017, kwamba Kenya haikuthibitisha kuwa Waogiek ndio waliouharibu msitu. Uamuzi huo uliegemea pia ripoti zilizoandaliwa na Serikali au kwa ushirikiano nayo, ambazo zilitaja kuwa chanzo kikuu cha uharibifu ni uvamizi wa makundi mengine, ugawaji wa ardhi uliofanywa na Serikali na vibali vibaya vya ukataji miti. Mwezi Juni 2022, mahakama hiyo iliamuru Waogiek walipwe fidia ya shilingi 157,850,000.

Funzo hilo linahitajika hata sasa. Kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, tathmini ya athari za mradi hugharimiwa na mwenye mradi mwenyewe, na utaratibu huo ndio unaoongoza miradi kama Bwawa la Itare, Kuresoi, lililozinduliwa mwaka 2017 kwa mkopo wa benki za Ulaya na kukwama mwaka 2018 mkandarasi wake, CMC di Ravenna ya Italia, alipoingia katika matatizo ya kifedha. Jina la mfadhili humwonyesha msomaji mahali pa kuelekeza jicho, lakini haliwezi kumthibitishia ukweli wala uongo wa kilichoandikwa. Kwa sababu hiyo, ripoti za Mau zinapaswa kusomwa kuanzia jalada hadi viambatisho, hasa na wakaazi wa Kuresoi wenyewe, ambao hatima yao imeamuliwa kwa kurasa wasizowahi kuonyeshwa.