Herufi V kwenye chupa ya 1945

Wadau, kuna mvinyo mwekundu wa Ufaransa, Château Mouton Rothschild wa 1945, ambao mnadani chupa moja yaweza kufika bei ya gari. Mimi kilichonishika ni lebo: herufi V ya ushindi, iliyochorwa na kijana Philippe Jullian.

Shamba lenyewe liko Pauillac, karibu na Bordeaux. Nathaniel de Rothschild alilinunua 1853. 1855 likapangwa daraja la pili, na la kwanza halikulipata mpaka 1973. (Miaka 118 ya kubisha hodi!) Aliyelipigania ni Philippe de Rothschild, aliyeanza kulisimamia 1922.

Vita vilipokuja, serikali ya Vichy ililitwaa kwa sababu wenyewe ni Wayahudi. Philippe akatorokea Uingereza kwa de Gaulle. Mkewe Élisabeth, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi, alikamatwa na Gestapo, akafia kambini Ravensbrück mwaka 1945.

Mei mwaka huohuo baridi iliunguza machipukizi ya mizabibu, kisha likaja jua kali. Zabibu zikawa chache, lakini mvinyo wake wajuzi wanausifia mpaka leo. Philippe akaagiza ile V, na chini yake maneno "Mwaka wa Ushindi". Jina la Élisabeth halimo.