Fiziotherapia ni tiba kamili, si kukandwa tu

ALFAJIRI na mapema, hamali wa soko la Gikomba huwa tayari wamejitwika marobota ya mitumba. Hapo karibu, mafundi wa jua kali wa Kamukunji huinama kutwa wakigonga mabati, na katika mitaa ya Umoja na Buruburu akina mama hufua na kukamua nguo za watu hadi vidole vikafa ganzi. Jioni wengi wao hurejea makwao Kayole, Dandora au Jericho wakilalamikia kiuno, goti au bega, wakameza kidonge cha maumivu na kulala.

Kidonge hutuliza maumivu kwa muda, lakini hakirejeshi nguvu za msuli uliolegea wala hakikunjui kiungo kilichokaza. Hiyo ndiyo kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi maalumu, mikono ya mtaalamu, joto, baridi na vifaa vya umeme.

Maumivu ya kiuno

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo, shirika hilo lilipendekeza mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa, na halikupendekeza mikanda ya kufunga kiunoni.

Kulala kitandani kwa siku nyingi pia hudhoofisha misuli inayoushikilia uti wa mgongo. Mtaalamu humfundisha mgonjwa kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, na namna ya kubeba mzigo: kunja magoti, uweke mzigo karibu na kifua, wala usijipinde huku umeubeba.

Mishipa ya neva

Maumivu yanayotoka kiunoni yakashuka pajani hadi unyayoni huashiria neva iliyobanwa. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mara nyingi hutokana na neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kupumzisha mkono na kuvaa kishikizo cha kifundo wakati wa kulala huwafaa wengi.

Uso kupooza upande mmoja ghafla si upepo mbaya wala si kurogwa. Huenda ni kiharusi, kwa hivyo mgonjwa akimbizwe hospitalini mara moja. Ikibainika kuwa ni neva ya uso iliyovimba, dawa hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72, na jicho lisilofumba lazima lilindwe.

Kwa aliyepata kiharusi, mazoezi huanza mara tu hali yake inapotulia, kwa maana ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia.

Viungo

Gegedu ya goti ikilika, wengi huacha kutembea wakidhani wanalinusuru goti. Kumbe misuli ya paja hunyong'onyea na goti hubeba uzito wote. Zoezi jepesi ni hili: keti kitini, unyooshe mguu mmoja, uushikilie kwa sekunde tano, kisha uushushe polepole. Rudia mara kumi kwa kila mguu. Ukihisi maumivu makali, acha na umwone mtaalamu.

Dalili za hatari

Usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari iwapo maumivu ya mgongo yameandamana na homa, jasho la usiku au kukonda. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Pa kutibiwa

Wakazi wa Eastlands wanaweza kuanzia hospitali ya umma ya Mama Lucy Kibaki. Anayekwenda kliniki ya kibinafsi aulize kama mhudumu amesajiliwa. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwasajili, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoa tiba hiyo.

Hamali na dobi hutegemea mwili wao kupata riziki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiuno kinachouma leo kitibiwe kabla hakijamfungia mtu nyumbani.