Gari ya zamani ya kufufua: tafuta pyesi kwanza

Mutu anaona Peugeot ao Land Cruiser ya wakati wa wazee, bei iko chini, motere inanguruma, analipa. Mwaka unapita, gari ingali juu ya matofali na kuku wanatagia ndani. Mara nyingi si fundi aliyeshindwa, ni pyesi zilizokosekana. Basi, kabla ya kutoa dola zako, chunguza haya.

Ilitengenezwa miaka mingapi? Volkswagen Coccinelle ilitoka kiwandani mpaka 2003, zaidi ya milioni 21. Ndiyo maana pyesi zake zinatengenezwa hata leo. Land Cruiser 40 ilitengenezwa toka 1960 mpaka 1984, na mwaka 2021 Toyota ilitangaza kwamba itarudia kutengeneza pyesi zake kadhaa. Lakini gari ya kampuni iliyokufa, kama Simca ya Ufaransa, itakutesa.

Inakosa nini? Mambo ya motere na freni, mafundi wetu wanajua kuyahangaikia. Chuma kinaweza kuchongwa. Kioo cha mbele, vioo vya taa na raba za milango, hapana. Heri gari yenye motere imechoka lakini mwili na vioo viko kamili, kuliko ile inayowaka vizuri bila kioo.

Pyesi zitatoka wapi? Huku mashariki, nyingi zinatoka Kampala, sana sana soko la Kisekka, ao Dubai. Angalisho: Uganda wanapita kushoto, usukani uko kuume. Ukiwa na gari ya usukani wa kushoto, dashibodi na sanduku la usukani vya kule havitaingia, na taa za mbele zitamulika machoni mwa wanaokuja. Dubai wanapita kuume kama sisi.

Mwisho, andika numero ya shasi na ya motere, hakikisha ya shasi iko sawa na ile ya carte rose. Fanya liste ya vyote vinavyokosa, uliza bei kwa wauzaji watatu, ongeza usafiri na doane. Ile jumla ndiyo bei ya kweli ya gari. Na kama hakuna hata muuzaji mumoja anayeweza kukupatia kioo cha mbele, achana nayo, hata wakikupa bure.