Utunzaji na Ushirikishanaji wa Vipande vya Msimbo: Mambo ya Kuzingatia

Kipande cha msimbo ni mistari michache ya maelekezo ya kompyuta inayotekeleza kazi moja mahsusi na inayoweza kutumika tena katika programu nyingine. Kikihifadhiwa mtandaoni pamoja na maelezo ya matumizi, huwapunguzia wengine kazi ya kutatua upya tatizo lililokwisha kutatuliwa.

Manufaa hayo ni makubwa zaidi kwa wanaojifunza wakiwa mbali na maabara za kompyuta. Kijana wa Kikatiti, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, ambaye hajapata nafasi katika Chuo cha Ufundi Arusha, anaweza kujifunza kwa kusoma na kujaribu msimbo ulioandikwa na wengine.

Maelezo yanayohitajika

Mfano ni kipande kinachobadili namba ya simu yenye tarakimu 10 inayoanza na 0 kuwa ya tarakimu 12 inayoanza na 255, namba ya Tanzania katika simu za kimataifa. Kikikosea, ujumbe uliokusudiwa kwa mkulima hautamfikia. Hivyo, kiambatane na jina la lugha ya programu na toleo lake, tarehe kilipojaribiwa, mfano wa kinachoingizwa na kinachotoka, pamoja na mipaka yake: je, kinafanya kazi iwapo namba imeandikwa kwa kuacha nafasi au kwa alama ya kujumlisha?

Usalama na sheria

Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mshiriki nakala kamili ya msimbo na historia yake, hivyo kazi huendelea hata intaneti inapokatika. Hata hivyo, historia hiyo hutunza pia makosa. Nywila iliyowekwa hadharani hubaki humo hata baada ya mstari wake kufutwa. Hatua ya kwanza ni kuibadilisha nywila yenyewe mara moja.

Aidha, majina na namba halisi za wananchi zisitumike kama mifano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inalinda taarifa hizo.

Vilevile, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Msimbo kuonekana mtandaoni si ruhusa ya kuuchukua. Leseni ndiyo hueleza masharti. Leseni ya aina hiyo ndiyo iliyowezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha, mwandishi anapaswa kukijaribu kipande chake upya, kuondoa nywila na taarifa za watu, kutaja chanzo na kuweka leseni.