Umri wa Laini na Umri wa Mchezaji: Kuwakinga Watoto na Uraibu wa Kubeti

Tanzania imemkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Kwenye kasino katazo hilo linatekelezeka, kwa kuwa mlangoni yupo mlinzi mwenye macho. Kwenye simu hakuna mlinzi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Ila mwenyewe huyo huweza kuwa mama, kaka au mjomba, na anayebofya akawa kijana wa kidato cha pili. Kinachopimwa hapo ni umri wa laini, na mchezaji anapita. Nadai kwamba nasaha za darasani, ambazo ndizo tunazozikimbilia kila mara, haziwezi kuziba tundu hilo.

Nasaha zenyewe hufundisha kile ambacho mtoto anakijua tayari. Kwamba kamari ni dhambi alishaambiwa madrasa au kanisani. Asichoambiwa ni hesabu ya mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja. Tuchukue mkeka wa mechi saba, kila mechi ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, na kampuni ikilipa mara 1.85 badala ya mara 2. Kwa mechi moja makato ni asilimia 7.5, wala hayaumi. Lakini nafasi ya kupatia zote saba ni moja katika 128, na aliyeweka shilingi 500 atalipwa takriban 37,000 mahali ambapo malipo ya haki yangekuwa 64,000. Kila mechi inayoongezwa huyafanya makato yazaane. Somo hilo lingefaa sana katika hisabati ya sekondari, na kukosekana kwake kunashangaza.

Hata hivyo, hesabu nayo ina mpaka. Mkeka uliochanika kwa mechi moja haumwonyeshi kijana kwamba ameshindwa. Unamnong'oneza kwamba alikaribia, na kesho atazame timu kwa makini zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kuwa tendo linalozawadiwa bila mpangilio ndilo gumu kuliko yote kuliacha, na dubwi, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu, limeundwa juu ya kanuni hiyohiyo. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, uliuweka uraibu wa kamari katika sura moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Hatumkingi mtoto na gongo kwa kumfundisha kemia yake tu.

Halafu kuna jezi. Julai 2017 Everton ya Uingereza, ikiwa na Wayne Rooney, ilicheza na Gor Mahia ya Kenya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na timu zote mbili zilidhaminiwa na kampuni ya kubeti ya SportPesa. Mwaka huohuo kampuni hiyo iliingia mkataba na Simba na Yanga. Mtoto anayeipenda timu kabla hajajua kusoma anajifunza jina la kampuni pamoja na majina ya wachezaji. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari mwaka 2018, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuyaondoa kifuani mwa jezi ifikapo msimu wa 2026/27. Sisi tumebaki na onyo la herufi ndogo.

Pa kuanzia ni kwenye malipo. Kila laini ifungwe kwa miamala ya kubeti mpaka mwenyewe aende kwa wakala kuifungua kwa kidole chake, na ithibati hiyo irudiwe mara kwa mara. Mfumo wa vidole upo tayari. Madubwi yaondolewe kwenye maduka na magenge ambako watoto hutumwa chumvi. Watasema watu wazima wanasumbuliwa: ni kweli, na usumbufu huo ni mdogo kuliko foleni ya kusajili laini tuliyoivumilia sote. Pingamizi zito ni la klabu, maana fedha za udhamini zinalipa mishahara ya wachezaji. Hilo linahitaji muda wa mpito na wadhamini wengine, nalo lijadiliwe waziwazi na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na shirikisho la soka, watoto wakihesabiwa kama upande wenye madai yake.