Ukienda Burigi-Chato, jua kwanza ardhi hii ilibeba nini



Siku hizi wanaokuja kushonesha nguo za harusi wanatuuliza na swali jengine: fungate twende wapi? Wengi wanataka bara, wakaone twiga na tembo. Kila mtu anazijua Mikumi na Serengeti. Leo tunakuleteeni hifadhi ambayo wengi wetu visiwani hatuisikii: Burigi-Chato, huko Kagera, upande wa Biharamulo na Ngara. Lakini hatutaanza na bei wala vyumba. Tutaanza na historia yake, maana hii ni ardhi iliyopata mtihani mkubwa.

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ni changa. Ilizinduliwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori matatu ya akiba, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707, karibu mara tatu ya Unguja nzima. Ndani yake kuna Ziwa Burigi, vilima, nyasi ndefu, na wanyama kama tembo, nyati, twiga, viboko na korongo. Ilipokuwa pori la akiba, mtu mwenye kibali aliweza kuwinda. Ilipokuwa hifadhi ya taifa, uwindaji ukapigwa marufuku, ikabaki kutazama tu.

Sasa turudi nyuma, tarehe 28 Aprili 1994. Rwanda ilikuwa katikati ya mauaji ya kimbari. Siku ile watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, kuingia Ngara. Kwa muda wa saa 24 hivi walivuka watu wapatao 250,000. Mto huo huo uliokuwa chini ya miguu yao ulikuwa ukichukua maiti hadi Ziwa Viktoria. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wakawekwa Benaco. Jina hilo ni la kampuni ya ujenzi iliyokuwa na kambi yake hapo. Haukupita muda, Benaco ikasemwa kuwa ni mji wa pili kwa watu wengi Tanzania baada ya Dar es Salaam. Ulikuwa mji wa maturubai tu, bila soko la kuni wala bomba la maji la kutosha, na pori la Burigi halikuwa mbali.

Hapa sisi wanawake tunaelewa haraka kuliko wengine. Msaada uliokuja ulikuwa mahindi na maharage, na maharage hayaivi bila moto wa saa nyingi. Piga hesabu ya mafiga ya watu laki kadhaa, asubuhi na jioni, zaidi ya miaka miwili. Akina mama na mabinti walitembea kilomita nyingi kutafuta kuni, kila siku mbali zaidi ya jana, na njiani walikuwa na hofu ya kushambuliwa. Miti ikaisha. Nyama ya porini ikauzwa kambini, na wanyama wa Burigi wakapungua sana. Mashirika yakaleta kuni kwa malori na kufundisha majiko banifu, lakini madhara yalishafika.

Wenyeji wa Ngara nao walibeba mzigo. Walikuwa wakulima wa migomba na maharage, hawakuwa matajiri, na ghafla wageni wakawa wengi kuliko wao. Mashamba yalivunwa na wasioyalima, na visima vikapata foleni. Pamoja na hayo, wako waliopokea watu majumbani mwao.

Mwishoni mwa 1996 serikali iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 Disemba. Wengi waliogopa, wakatoka kambini kwenda mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Wanajeshi wakawageuza, wakarudi kwa daraja lile lile la Rusumo. Pori likaanza kupumua.

Ng'ambo ya mto, Rwanda nayo ina hifadhi yake, Akagera. Baada ya vita, waliorejea na ng'ombe wao walihitaji ardhi, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa wapewe. Simba wakamalizika kabisa. Walirudishwa mwaka 2015, na faru weusi mwaka 2017.

Tumeyaandika haya kwa sababu tunasikia watu wakisema "wakimbizi waliharibu pori" kisha basi. Dada, mama mwenye watoto wanne na sufuria ya maharage mabichi angefanya nini? Na wanyama nao ni umma wa Allah, wana haki yao. Haki hizi mbili ziligongana kwa sababu watu waliojaa chuki walianza kuua jirani zao upande wa pili wa mto. Aliyewasha moto ule ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo ukijaaliwa kwenda, shukia Mwanza, pita Geita hadi Biharamulo, uone na boma la zamani la Wajerumani. Vaa stara nyepesi ya pamba, rangi ya udongo, na viatu vya kufunga. Ukimuona twiga anakula majani kwa utulivu, mwambie mumeo kisa cha kuni za Benaco. Ndoa pia inataka kujua kupokea wageni na kutunza kilichobaki.

Allah azijaalie nyumba zenu amani, na awarehemu waliopotea. Amin.