Mafunjo ya Rusizi katika hebaria

Mafunjo, ambayo Warundi huyaita urufunzo, ni mmea mkubwa wa ukoo wa ndago unaoota katika vinamasi vya delta ya mto Rusizi, magharibi ya jiji la Bujumbura, pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliupa jina la kisayansi Cyperus papyrus. Sehemu ya historia ya mimea ya delta hiyo imo katika hebaria, yaani hazina za mimea iliyokaushwa, ambamo kila kielelezo hubandikwa kwenye karatasi pamoja na lebo inayotaja mkusanyaji, mahali na tarehe.

Wajerumani walioitawala Urundi, yaani Burundi ya leo, hadi 1916 walipeleka vielelezo vyao hasa Berlin. Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya huko, na ushahidi mwingi wa mwanzo kuhusu mimea ya Afrika Mashariki ukapotea. Chini ya Wabelgiji, vielelezo vilielekea Brussels, katika bustani ya mimea iliyohamia Meise baadaye. Mwaka 1952 René Germain alichapisha utafiti wake kuhusu jamii za mimea za bonde la Rusizi. Baada ya uhuru, Jean Lewalle alieleza ngazi za uoto wa Burundi ya magharibi (1972), na Marc Reekmans akaeleza uoto wa Rusizi ya chini (1980). Chuo Kikuu cha Burundi nacho kina hebaria yake Bujumbura.

Kumbukumbu hizi za hebaria husomwa kwa uangalifu. Mafunjo hufikia mita 4 hadi 5, ilhali karatasi ya hebaria haifiki nusu mita. Mkusanyaji hukata shada la juu na kipande cha bua lenye pembe tatu, kisha huandika kimo kwenye lebo. Asipokiandika, ukubwa wa mmea haujulikani tena. Kinamasi chenye viboko na mamba hakiingiliki kwa urahisi, na mmea unaofahamika na kila mtu huwavutia wakusanyaji kidogo kuliko mimea adimu. Kwa hiyo uchache wa karatasi si dalili ya uchache wa mafunjo. Tena, lebo za kabla ya uhuru wa 1962 huandika Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Jina hilo likisimama peke yake, haijulikani kama mmea ulitoka mjini, deltani au milimani, mpaka njia ya msafiri ichunguzwe.

Delta ilianza kuhifadhiwa mwaka 1980, na mwaka 2002 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo kilimo huisogelea, na katika miaka ya karibuni kupanda kwa ziwa kumeufurikisha mji wa Gatumba ulio jirani. Kielelezo chenye lebo kamili huthibitisha kwamba mmea uliota mahali fulani siku fulani. Ili mabadiliko ya kinamasi yapimike, vielelezo vipya vinapaswa kukusanywa palepale walipokusanya watangulizi, vikiwa na kimo, kina cha maji na mahali halisi.